Benki Kuu kununua dhahabu kwa shilingi: tunachapisha pesa au tunaweka akiba?

Wakuu, kuna hoja inarudi kila mara: BoT (Benki Kuu ya Tanzania) ikilipia dhahabu kwa shilingi inachapisha pesa, na bei za vitu zitapanda. Siikubali, ila anayeisema hajakosea yote.

Tangu Oktoba 1, 2024, wachimbaji na wafanyabiashara wenye leseni wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa hapa nchini, na Benki Kuu ni mnunuzi. Tuseme mfanyabiashara wa Geita ameuza mzigo wa shilingi milioni 100. Hakuna mashine ya noti inayowashwa. BoT inaiongezea benki ya huyo mtu milioni 100 kwenye akaunti iliyo nayo Benki Kuu, na benki inamwongezea mteja wake. Pesa ambayo jana haikuwepo, leo ipo. Hapo wapinzani wako sahihi.

Sasa tuifuate pesa hiyo. Mabenki yakijaa shilingi, riba ya kukopeshana yenyewe kwa siku 7 inaporomoka. Na tangu Januari 2024 hiyo ndiyo riba ambayo BoT inailinda isipishane na riba yake kwa zaidi ya pointi 2 za asilimia, juu au chini. Julai 2025 riba ya Benki Kuu ilishushwa hadi asilimia 5.75. Kwa hiyo shilingi zikizidi, BoT inazivuta: inazikopa kwa mabenki na kuzilipia riba. Ndiyo maana dhahabu imenunuliwa na mfumuko wa bei bado ukabaki kwenye asilimia 3 na kitu.

Kinachonisumbua ni gharama. Dhahabu iliyolala kwenye kasiki haizai riba, lakini shilingi zilizovutwa zinalipiwa. Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000, basi kila mtu anaona faida tupu. Bei ikigeuka, hasara ni yetu sote. Ningependa riba hiyo iandikwe peke yake, pembeni ya kiasi cha dhahabu kilichonunuliwa, mwananchi aone zote mbili.

Pamoja na hayo nasema ununuzi uendelee, maana dhahabu ni akiba inayoweza kuuzwa tukapata dola. Mwaka 2023 shemeji yangu, muagizaji wa vipuri Kariakoo, alizungushwa na benki yake wiki tatu akitafuta dola. Shilingi alikuwa nazo, kontena limekwama.

Wanaotaka BoT iache kununua, naomba mnijibu hili: siku dola zikiadimika tena, za vipuri na dawa tutazitoa wapi?