Ripoti ya mauzo inachukua dakika 6, niongeze RAM?

KijanaWaChake: Asalaam aleikum wakuu. Mfumo wa mauzo wa duka la ami yangu, Chake Chake, uko kwenye MySQL (programu ya kutunza data), kompyuta ya kaunta, RAM GB 4. Ripoti ya siku ilikuwa ikitoka papo hapo, sasa dakika 6, na ami kanisimamia nyuma na tasbihi yake. Nimepandisha innodb_buffer_pool_size, ile memori MySQL inayowekea data, toka MB 128 hadi GB 3, ndo kwanza imezidi kuwa nzito. RAM nishaagiza Darajani.

Forodhani_Jioni: GB 3 kati ya 4, na Windows ikae wapi yakhe? Memori imejaa, mashine inahemea diski. Ile kanuni ya kuipa MySQL asilimia 70 au 80 ya RAM ni ya seva isiyo na kazi nyengine. Irudishe GB 1, kisha tia EXPLAIN mbele ya kweri (lile ombi la ripoti), utuoneshe MySQL inavyolisoma. Tatizo limeanza lini?

MamaKarafuu: Dakika 6 tu unalia? Desemba 2009 umeme ulipotukimbia Unguja, miezi mitatu nilipiga hesabu kwenye daftari la skuli, kwa chemli.

NahodhaMstaafu: Ami anakulipa? Anzia hapo.

KijanaWaChake: Tokea Ramadhani. Imeandika type ALL, key NULL, rows milioni 2 na kitu.

Forodhani_Jioni: Inasoma jedwali zima. Indeksi ya tarehe, ile faharasa ya kutafutia haraka, hamna?

KijanaWaChake: Ilikuwepo. Niliifuta mie. Foleni ya tende ilifika barazani, nikasoma kuwa indeksi zinachelewesha kuandika. Na si uongo, zinachelewesha!

Forodhani_Jioni: Kwa kiasi ambacho mteja wa tende hakioni. Irudishe. Na kama katika kuhangaika umeandika DATE(tarehe) = CURDATE(), MySQL haitoitumia hiyo indeksi; andika tarehe >= CURDATE().

Mchokozi: Risiti milioni 2, Chake? Mtu anafanyiwa mtihani wa chuo humu.

KijanaWaChake: Si risiti, ni mistari ya bidhaa, toka 2014. Mchele mstari wake, sukari mstari wake. Njoo uhesabu.

MamaKarafuu: Duka lipi mwanangu? La njia ya Tibirinzi? Pale wananidai.

KijanaWaChake: Sekunde 0.04! Ami kaenda kuswali. Ila RAM siirudishi, arbuni nishatoa, na kesho inashuka Mkoani.

NahodhaMstaafu: Ikishuka niuzie mie.