Hesabu ya malakiti: napata 63,8, karatasi inasema 47,85

BintiKatuba: Jambo yenu. Mdogo wangu yuko mwaka wa sita, anajitayarisha kwa Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Zoezi lenyewe: gramu 44,2 za malakiti (jiwe la kijani lenye shaba) zinatiwa kwenye maji yenye gramu 29,4 za asidi ya sulfuriki. Tafuta gramu za salfeti ya shaba.

Cu₂(OH)₂CO₃ + 2H₂SO₄ → 2CuSO₄ + CO₂ + 3H₂O

Moli (kipimo cha kuhesabia chembe) moja ya malakiti ina gramu 221, basi tuna moli 0,2. Moja inazaa salfeti mbili: 0,4 × 159,5 = 63,8. Karatasi ya mwalimu inasema 47,85! Atomu nimezihesabu pande zote mbili, zinalingana. Mnisaidie, mtoto ameanza kuniangalia vibaya.

MtuWaRuashi: Dada, karatasi imekosewa. Fotokopi za hapa Lubumbashi tunazijua.

YaKemia: Ruashi, usimpoteze dada wa watu. Karatasi iko sawa. Dada, asidi umeiacha pembeni na imepimwa pia. Ukipewa vipimo vya vitu viwili, vigeuze vyote kuwa moli kwanza. Moli moja ya asidi ni gramu 98: 29,4 ÷ 98 = 0,3. Sasa angalia ile 2 mbele ya H₂SO₄: malakiti yako 0,2 inadai asidi 0,4, na iliyopo ni 0,3 tu. Asidi inaisha kwanza, kwa hiyo ndiyo inayoamua. Asidi mbili zinatoa salfeti mbili, yaani 0,3 kwa 0,3. Zidisha kwa 159,5, utaona 47,85 yako.

Ila asilinganishe 0,2 na 0,3 hivihivi akasema malakiti ndiyo kidogo. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, na kwenye maswali ya kuchagua jibu sitashangaa kuikuta 63,8 inamsubiri.

BintiKatuba: Aksanti yaya. Malakiti nyingine inaenda wapi?

YaKemia: Inabaki chini, kijani vilevile. Imeliwa 0,15, nusu ya asidi, imebaki 0,05, ni gramu 11,05. Ahakikishe: mwanzoni 44,2 + 29,4 = 73,6. Mwishoni salfeti 47,85, gesi 6,6, maji yaliyozaliwa 8,1, na hiyo 11,05. Jumla 73,6. Isipofika hapo, arudie.

FundiMaabara: Hilo si zoezi la darasani tu. Mawe ya shaba ya huku kwetu yanayeyushwa kwa asidi hivyohivyo, na mara nyingi yana jiwe la dolomiti ndani, ambayo inakula asidi bila kutoa shaba. Ukipiga hesabu ya malakiti peke yake, asidi itakuishia njiani.

BintiKatuba: Na wakiuliza lita za gesi?

YaKemia: Kwa nyuzi 0 na presha ya atmosfia 1, moli moja ya gesi ni lita 22,4: 0,15 × 22,4 = lita 3,36. Atumie moli zilizoliwa, si ile 0,2.