Acheni kutuharibia Cranes Band! Soma hapa kabla hujapandisha santuri nyingine

Bassebo na bannyabo (mabwana na mabibi), hebu tuelewane leo. Kuna watu wanapandisha mtandaoni santuri za bendi za dansi za Kampala za miaka ya 60, kama Cranes, zikiwa zimepinda sauti, zimefutwa manyanga, zimebandikwa majina ya uongo. Halafu wachangiaji wanashusha hukumu: eti Cranes ilikufa kwa kuwa ilikuwa bendi ya kubahatisha, sikia besi inavyoyumba. Besi haiyumbi! Kinachoyumba ni tundu la santuri yako.

Santuri ya inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika, yaani sekunde 1.33 kila mzunguko. Sauti ikipanda na kushuka kwa mwendo huohuo, mpiga besi hana kosa, tundu lilitobolewa nje ya kitovu. Tazama mkono wa sindano. Ukicheza kushoto na kulia jumla ya milimita 2, santuri imekaa milimita 1 pembeni. Toa kile kiplastiki cha kati kinachojaza tundu la santuri, sogeza santuri kidogo kidogo mpaka mkono utulie, ndipo urekodi. Ni kazi ya dakika tano, lakini hamtaki.

Kasi nayo ni balaa. Mkanda wa mpira wa mashine ukilegea na kasi ikapungua kwa asilimia 3, wimbo wa dakika 3 unaongezeka karibu sekunde 6 na kila noti inashuka robo toni. Ndiyo maana vijana wa gitaa wanashindwa kuufuata: uko katikati ya funguo mbili. Chapa karatasi ya duara yenye mistari 133 kwa ajili ya kasi ya 45, iweke juu ya sahani, imulike kwa taa ya tyubu ya zamani. Umeme wetu ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), kwa hiyo kasi ikiwa sawa mistari inaonekana imesimama. Ikitambaa kwenda mbele, mashine inakimbia. Ikirudi nyuma, inachelewa. Taa za LED nyingi hazifai kwa kazi hii. Na umeme ukikatika usihamie kwenye jenereta, maana hezi zake zinapanda na kushuka, utapima uongo.

Usafi: maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled water), matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo kwa lita moja, futa kwa kufuata mistari, lebo isilowe. Vumbi letu jekundu ni mchanga, ukilisugua kikavu unakwangua muziki wenyewe. Zile santuri nzito za zamani za kasi ya 78 msiziguse na spiriti kabisa, inayeyusha.

Halafu hiki kinachoniudhi kuliko vyote: kichujio cha kelele. Manyanga na matoazi vinaishi juu huko, hezi 5,000 na zaidi, mahali palepale pa mchakacho wa santuri. Programu haijui tofauti, inafagia vyote. Unabaki na ngoma kama zinapigwa ndani ya gunia, halafu unasema bendi haina nguvu! Nyingi za santuri hizo ni za mono, yaani sauti ya chaneli moja tu. Muziki uko kwenye mtikisiko wa sindano wa kushoto na kulia. Wa juu na chini ni kelele tupu. Changanya chaneli mbili za rekodi yako ziwe moja na kelele nyingi zinakufa zenyewe, manyanga yakabaki salama.

Tuje kwenye majina. Kuna uzi wa mjadala hapa mtandaoni una kichwa "Afrigo 1966". Afrigo, bendi nyingine ya Kampala, ilianzishwa 1975, baada ya Cranes kusambaratika, na Moses Matovu wa saksafoni ni mmoja wa waanzilishi. Mwanamuziki Philly Lutaaya naye alipitia Cranes mwishoni mwa miaka ya 60. Na Charles Sonko wa Equator Sound Band, bendi ya Nairobi, ni Mganda. Kurekodia Nairobi hakumfanyi mtu kuwa Mkenya. Santuri nyingi za huku zilirekodiwa na kufyatuliwa huko.

Na hili la "Idi Amin aliua muziki", nukta, basi, ni uvivu. Cranes ilipata umaarufu wakati Buganda, eneo lenye Kampala, iko chini ya hali ya hatari ya 1966, kwa hiyo hofu peke yake haiui bendi. Hesabuni vitu. Bendi nyingi za dansi Afrika Mashariki hazikumiliki vyombo. Vilikuwa vya mwenye bendi au mwenye klabu. Nyuzi za gitaa, ngozi za ngoma na vali za amplifaya (zile chupa za kioo zinazokuza sauti) vilitoka nje. Agosti 1972 Waasia wa Uganda walipewa na Amin siku 90 waondoke, na sehemu kubwa ya biashara ya uagizaji ikaondoka nao. Vali ikiungua baada ya hapo, unainunua duka gani, kwa fedha gani ya kigeni? Ongeza wateja wanaoogopa barabara usiku, mlangoni hapakusanywi kitu, na mpiga gitaa hodari anatafuta pa kwenda.

Aliyepandisha ile "Afrigo 1966" aishushe leo. Akiirudisha, tunataka picha za lebo pande zote mbili na namba iliyochorwa kwenye mduara mtupu kando ya lebo. Na hicho kichujio akizime.