Tupeane uzoefu: wikendi uliyotoka nyumbani kwa sababu ya kitabu

Msomaji wa Mtoni (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu zenu. Jumamosi iliyopita nilipanda basi la Bagamoyo pale Makumbusho nikiwa na chupa ya maji, mkate wa kumimina na nakala yangu ya Peponi. Abiria niliyekaa naye aliponiuliza ninakwenda kwa nani, nilikosa jibu, maana sikuwa na mtu wa kumtembelea huko. Nilikuwa nimetumwa na kitabu.

Kwa wasiokijua, Peponi ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikafasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Kijana Yusuf, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa kwao kwa sababu baba yake ameshindwa kumlipa mfanyabiashara Aziz, na baadaye anajikuta katika msafara wa bidhaa unaokwenda bara. Nilikimaliza saa nane usiku, nikajiona mjinga: nimeishi Dar es Salaam miaka ishirini na miwili, kilomita sabini hivi kutoka Bagamoyo, na sijawahi kusimama mahali ambapo wapagazi walitua pembe za ndovu baada ya kutembea miezi kadhaa.

Basi nikaenda. Niliketi uani kwenye jengo la Caravan Serai nikarudia sura za safari, hadi mlinzi akanifuata kuniuliza kwa upole kama nimetumwa kukagua jengo. Nilipomwambia ninasoma hadithi tu, alinitazama kwa huruma, akaniletea kiti.

Naomba tupeane uzoefu. Umesoma nini siku hizi, kimekupeleka wapi mwisho wa wiki, na ni lini ulijuta kutoka?

Binti Ng'ambo

Ndugu Msomaji, umenigusa. Mimi nilirudia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi baada ya kuitazama filamu yake ya mwaka 2021, kisha Jumapili moja nikamchukua binti yangu tukafuata njia ya Yasmin, yaani kutoka mitaa ya Mji Mkongwe hadi ng'ambo, alikokwenda kujihifadhi kwa Mwajuma. Nilimwonyesha barabara ya Creek nikamweleza kwamba hapo zamani palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga mji wa mawe na upande wetu, na kwamba msichana yule alipovuka alikuwa amevuka zaidi ya maji. Mtoto alinisikiliza vizuri sana, kisha akaniuliza kama Yasmin naye alinunuliwa aiskrimu alipofika ng'ambo.

Majuto yangu ni viatu. Msitembee Mji Mkongwe na viatu vya kisigino eti kwa sababu mnakwenda kwenye shughuli ya fasihi.

Mzee wa Pambizo

Mwanzisha mada, safari yako ni njema, ila kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza hukisoma kwa Kiingereza. Tafsiri ni ubwabwa uliopashwa moto: unashiba, lakini si ule wa jana.

Binti Ng'ambo

Mzee wangu, kwa heshima yote, hapo umekosea. Mwandishi amezaliwa Unguja, na watu wake kitabuni ni watu wa pwani ambao kwa kweli wanazungumza Kiswahili hata pale maneno yao yalipoandikwa kwa Kiingereza. Aliyekifasiri ni Mzanzibari pia. Mimi nilisoma zote mbili, na katika Kiswahili nilihisi wale watu wamerudi nyumbani wakavua viatu. Huo ubwabwa wa jana ndio uliokuwa umesafirishwa.

Mzee wa Pambizo

Binti, unanijibu kishairi ili nisiweze kubisha. Nitabisha kesho.

Kurasa za Nairobi

Habari za Bongo na visiwani. Huku kwetu Jumamosi ya msomaji huanzia barabarani, kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaovitandika chini, pahali tunapopaita *Inama Bookshop* kwa sababu usipoinama huoni kitu. Kutoka hapo mimi huenda kwenye maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo kwa miongo yake ya mwanzo iliwahudumia Wazungu peke yao. Marehemu babu yangu alifagia mtaa uliopita mbele yake na hakuingia hata siku moja. Kwa hiyo mimi nikiingia hukaa sana, hata kama sina la kusoma, na nikitoka humgusa simba mmoja kichwani.

Majuto: niliwahi kununua riwaya ya upelelezi pale chini kwa bei nzuri mno, nikaisoma wikendi nzima bila kupika, na nilipofika mwisho nikakuta kurasa nane za mwisho hazipo. Hadi leo sijui aliyeua ni nani, na nimeanza kumshuku muuzaji.

Mpita Njia 77

Hili la kurasa za mwisho limenikuta pia. Inauma.

Fundi Jalada

Ushauri: kabla hujalipa, fungua kurasa za mwisho kwanza, kisha za katikati, kisha unuse mgongo wa kitabu. Kikinuka uvundo, kiache hata ukipewa bure, kwani kitaviambukiza vingine vyote kabatini. Mimi mwaka huu nimekusudia kwenda Vibambani, Tanga, kijiji alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Kuna yeyote hapa aliyefika huko anielekeze?

Mwana wa Mwalimu

Sikukusudia kuandika chochote katika uzi huu, lakini Fundi ameitaja Vibambani na sasa siwezi kulala bila kulitoa.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Alipofariki aliacha masanduku matatu ya bati yaliyojaa vitabu, na mimi nikiwa mkubwa niliyarithi kwa maneno tu, maana wakati ule nilikuwa nimepanga chumba kimoja Temeke ambacho hakikuweza kunibeba mimi na masanduku kwa pamoja. Nikamwomba mdogo wangu, aliyebaki nyumbani Tanga, ayatunze. Nikamwahidi kuyafuata Krismasi.

Ilipita miaka minane. Ijumaa moja nilipanda basi la Tanga kwa shabaha moja: nichukue nakala ya baba ya Kusadikika, niende nayo Vibambani Jumapili, niisomee huko. Ni kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, chembamba, nacho baba alikifundisha hadi jalada likageuka kuwa kitambaa. Niliposhuka stendi nilinunua karanga za shilingi mia tano kwa kijana aliyebeba ungo, nikawa ninakula huku ninatembea. Zilipobaki chache nilikunjua ile karatasi iliyosokotwa, kama mtu yeyote anayependa kusoma anavyofanya, kwa sababu sisi hatuwezi kutupa maandishi kabla ya kujua yanasema nini.

Ulikuwa ukurasa wa kesi ya Karama, pale anapojitetea mbele ya mfalme. Pembeni, kwa wino mwekundu, palikuwa na mwandiko ninaoujua kuliko wangu: "Kidato cha Pili B wasome kwa sauti. Aliye nyuma asisinzie."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi. Nilipopata nguvu nilirudi kwa yule kijana nikamwuliza karatasi ameipata wapi, lakini bila shaka niliuliza kwa sauti mbaya, kwa sababu alidhani mimi ni afisa wa afya, akaacha ungo akakimbia. Nikabaki nimeushika ungo wa karanga katikati ya stendi. Wateja wakaja. Niliuza pakiti mbili, kwa kuwa sikujua la kufanya, na kila nilipouza nilimwomba mnunuzi anirudishie karatasi. Mmoja aliniita kichaa, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Baada ya nusu saa kijana alirudi na shangazi yake, mama mtulivu sana, ambaye baada ya kunisikiliza aliniambia kwamba karatasi huzinunua kwa kilo katika duka moja karibu na soko. Tulikwenda naye. Kilikuwepo kiroba kilichobaki nusu. Nilikilipia kwa bei ya karatasi chakavu, nikakuta humo vitabu kumi na kimoja vyenye jalada na rundo la kurasa zisizo na mwenyewe.

Nyumbani mdogo wangu hakukana. Masika ya mwaka ule paa lilivuja, masanduku yakaoza chini, mchwa wakaingia, naye akauza kilichobaki akaongezea fedha ya kununulia bati. Alinionyesha bati lenyewe. Nilipoanza kupaza sauti alinijibu taratibu: "Kaka, ulisema utayafuata Krismasi. Hukusema Krismasi ya mwaka gani."

Mpita Njia 77

Pole sana, mkuu. Sina la kuongeza.

Kurasa za Nairobi

Nimesoma hii nikiwa kwenye matatu na nimepitishwa kituo changu.

Mtu wa Hesabu

Ndugu yangu, pole, lakini nami nina haki ya kuuliza. Miongoni mwa karatasi zote zilizomo mjini Tanga, ukurasa wa baba yako ndio ukufikie wewe, siku hiyo, saa hiyo? Hapa mtaani kwetu hadithi ya namna hii huitwa chai, tena yenye tangawizi.

Mwana wa Mwalimu

Swali lako ni la haki. Mama yule alikuwa amenunua mafungu mawili kutoka kiroba hicho hicho juma hilo. Nilipofungua pakiti sita nyingine zilizobaki kwenye ungo, nne zilikuwa kurasa za Kusadikika na mbili zilikuwa za kitabu cha hesabu. Kwa hiyo, ndugu Mtu wa Hesabu, hata wewe ungeweza kukutana na jamaa zako.

Mama Kabati

Mimi ninamlaumu huyo mdogo mtu. Kitabu cha marehemu si gazeti. Angepiga simu tu.

Dereva Msomi

Mama Kabati, tuwe waadilifu. Mtu aliyelala chini ya paa linalovuja miaka minane akiwalindia wengine masanduku, na mwenye mali yuko Dar es Salaam akisoma kwenye feni, unamlaumu kwa lipi? Mimi ni mdogo katika familia yetu na ninalinda cherehani, redio mbili na kitanda cha watu ambao kila mwaka wanakuja kuvichukua.

Mama Kabati

Cherehani haina mwandiko wa baba.

Dereva Msomi

Na paa lina wajukuu wa baba chini yake.

Fundi Jalada

Wakuu, msigombane, tusaidiane. Masanduku yakae juu ya matofali, yasiguse sakafu wala ukuta. Majani makavu ya mwarobaini yatandikwe chini na juu, yabadilishwe kila baada ya miezi michache. Na kila kitabu uandike jina lako mahali pa siri, mimi huandika ukurasa wa 49, ili siku ukikikuta mtumbani uwe na ushahidi.

Mama Kabati

Mwarobaini umeniangusha. Mimi nimehamia kwenye kafuri.

Kurasa za Nairobi

Dawa ya mchwa ni moja: azimisha vitabu vyako vyote. Mchwa hawatavipata. Wewe pia hutavipata, lakini mchwa watakuwa wameshindwa.

Mtu wa Hesabu

Nami nasisitiza watu waache kuandika ndani ya vitabu. Kitabu ni kwa ajili ya watakaokuja baadaye, na si vyema msomaji wa pili akutane na maagizo ya Kidato cha Pili B.

Mzee wa Pambizo

Nilisema nitabisha kesho, na kesho imefika, ila nimebadili wa kubishana naye. Bwana Hesabu, kama mwalimu yule asingeandika pembeni, mwanawe angetupa karatasi ile akajifuta mikono. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na sijawahi kusoma bila kalamu. Huyu mwalimu simjui, lakini wanafunzi wake wa nyuma ninawajua wote.

Msomaji wa Mtoni

Wakuu, uzi wangu wa Bagamoyo umekuwa uzi wa mchwa, na silalamiki. Nauliza jambo moja tu: Mwana wa Mwalimu, Vibambani ulifika?

Mwana wa Mwalimu

Nilifika. Jumamosi hatukusemeshana, lakini Jumapili asubuhi nilisikia pikipiki ya mdogo wangu inawaka uani, na alikuwa ameshika kofia mbili. Tulikuwa na karatasi tano za Kusadikika, yaani kurasa kumi, na hata hizo hazikufuatana. Tuliketi chini ya mwembe tukapokezana kuzisoma kwa sauti, yeye ukurasa mmoja, mimi ukurasa mmoja, tukiruka palipokosekana. Kwa kuwa nchi yenyewe ya Kusadikika inaelea angani, mapengo hayakusumbua kama nilivyoogopa. Karatasi moja ilikuwa na mafuta ya karanga hadi maandishi ya upande wa pili yakaonekana, na mdogo wangu akasoma mistari miwili ya nyuma kabla hajatambua.

Vile vitabu kumi na kimoja viko kwake. Nimemwambia nitavifuata Krismasi, akacheka, akaniomba mwaka kwa maandishi.

Binti Ng'ambo

Na zile karanga za kwanza, ulizitupa?

Mwana wa Mwalimu

Nilizimaliza, dada. Zilikuwa zimekaangwa vizuri.

Fundi Jalada

Bado sijaelekezwa njia ya Vibambani.