Mjadala: Air America iliuliwa na wasikilizaji au na pesa zake yenyewe?

Mleta mada

Wakuu, kila ukigusa habari za redio za Marekani kuna mtu atakuambia mrengo wa kushoto hauwezi redio ya mazungumzo: watu wake wanasoma magazeti, hawana hasira ya kutosha, basi. Ukimdai ushahidi anakutajia Air America, mtandao wa redio ya mazungumzo wa mrengo wa kushoto, ulioingia hewani 31 Machi 2004 na kuzimika Januari 2010. Mimi siupokei ushahidi huo. Chombo kile kiliuliwa na aina ya pesa kilizopewa, na mabosi wapya waliokuja na kila fungu la pesa.

Fuatilieni mtiririko. Wazo lilikuwa la wawekezaji wa Chicago, mume na mke, Sheldon na Anita Drobny. Kabla hakijarushwa hata kipindi kimoja walishaliuza kwa kundi la Evan Cohen na Rex Sorensen, waliotokea Guam. Hawa wakajinadi kuwa wana dola milioni 30. Hazikuwepo, zilizokuwepo ni kama milioni 6. Wiki mbili tu baada ya uzinduzi, mwenye vituo vya Chicago na Los Angeles akawakatia matangazo, akidai hundi yao imekataliwa na benki. Mei ilipofika mkurugenzi mtendaji ameshaondoka, Cohen ameshaondoka, mishahara inasuasua, na mchekeshaji wao Al Franken bado yuko hewani anawachekesha watu.

Mwaka 2005 likafumuka kubwa zaidi. Cohen alikuwa pia na kazi ya kutafutia fedha klabu ya watoto na vijana iitwayo Gloria Wise, huko Bronx, na dola 875,000 za klabu hiyo zilikuwa zimehamia kwenye redio. Redio ya kutetea wanyonge ikiendeshwa kwa fedha za watoto wa wanyonge! Deni lililipwa baadaye, lakini wapinzani hawakuhitaji tena kubuni kejeli.

Oktoba 2006 wakaomba kinga ya mufilisi mahakamani. Machi 2007 Stephen Green, tajiri wa majengo wa New York, akainunua kwa dola milioni 4.25, na urais wa kampuni akapewa ndugu yake, Mark Green, mwanasiasa wa Democratic aliyeshindwa umeya wa New York na Michael Bloomberg mwaka 2001. Hayo ndiyo mageuzi ya menejimenti tunayoambiwa yalijaribiwa.

Swali la kujiuliza: kwa nini pesa zilipatikana 2004? Kwa sababu ilikuwa mwaka wa uchaguzi, wa kumng'oa Rais Bush. Mfadhili wa kampeni anataka matokeo Novemba, ilhali redio inahitaji miaka ya hasara kabla haijazoeleka. Rush Limbaugh, mtangazaji wa mrengo wa kulia ambaye kila mtu anamtaja, alianza kipindi chake kituo cha KFBK cha Sacramento mwaka 1984, akapikwa pale miaka minne ndipo akaenda nchi nzima Agosti 1988. Tena vituo vilimpata karibu bure, vikilipa kwa kuachia sehemu ya muda wao wa matangazo ya biashara. Air America wao walifungua ratiba ya siku nzima kwa mkupuo, sehemu kubwa ikiwa na wachekeshaji ambao hawakuwahi kushika kipindi cha saa tatu.

Karibuni mnipinge.

Mdau, Minneapolis

Mkuu, umewaonea mabosi na kuwasamehe wenye soko. Miaka ile nilikuwa hapa, na nilisikiliza. Oktoba 2006 ulivuja waraka wa ndani wa ABC Radio ukiorodhesha makampuni kama 90 ambayo hayakutaka matangazo yao yasikike ndani ya vipindi vya Air America. Ni makampuni makubwa kabisa, Microsoft na Visa yakiwemo. Hata ungewaletea meneja malaika, angemuuzia nani muda wa matangazo?

Halafu sheria. Hadi 1987 redio ilibanwa na kanuni ya kutoa nafasi kwa pande zote za hoja, ikafutwa. Mwaka 1996 ukaondolewa ukomo wa idadi ya vituo kitaifa, na kampuni ya Clear Channel ikaja kumiliki zaidi ya vituo 1,000. Angalia KPOJ ya Portland, iliyorusha vipindi vya mrengo wa kushoto: ilikuwa ya Clear Channel, ilikuwa na wasikilizaji waliokuwa tayari kuipigania, na Novemba 2012, siku chache tu baada ya Obama kushinda tena, ikageuzwa kuwa redio ya michezo. Wasikilizaji walikuwepo. Mwenye masafa ndiye aliyeamua.

Na msisahau vipaji vilitoka pale. Rachel Maddow, mtangazaji maarufu wa televisheni, alitokea humo, na Franken akaenda kuwa seneta wetu hapa Minnesota kwa tofauti ya kura 312.

Mleta mada

Ndugu, Portland inanisaidia mimi! Inaonyesha bidhaa ilikuwa inauzika. Kuhusu waraka wa matangazo nakubali ulikuwa pigo, ila angalia tarehe: umevuja mwezi ule ule kampuni inakimbilia mahakamani. Maji yalikuwa yameshafika shingoni.

Mdau, Mombasa

Kuna jambo mnalipita. Masafa ya New York waliyoyakodi, WLIB 1190, hayakuwa matupu. Kilikuwa kituo cha Inner City Broadcasting, kampuni ya watu weusi, kikibeba mijadala ya weusi na sauti za Wakaribi wa New York. Wakaribi hao walilalamika. Hawa wa mrengo wa kushoto wamekuja kwa jina la umma na umma uliokuwepo umeambiwa usogee. Kufikia Septemba 2006 Air America nayo ikahamishwa kituo kingine, WWRL, na WLIB ikawekwa nyimbo za injili. Wale wa mwanzo hawakurudishiwa chao.

Kwangu mimi hilo linasema zaidi kuhusu wafadhili kuliko hundi zote mlizozitaja.

Mdau, Mwanza

Basi ichangiwe na wasikilizaji wenyewe, tumalize ubishi. Mtandao wa redio wa Pacifica upo, kituo chake cha KPFA cha Berkeley kiko hewani tangu 1949 kwa michango. Hakuna tajiri, hakuna mwaka wa uchaguzi. Sisi huku tunajua redio ya chama ilivyo, Uhuru FM ni ya CCM na hakuna anayejifanya haelewi.

Mdau, Minneapolis

Mwanza, usiwapambe Pacifica. Mwaka 1999 uongozi wao wa kitaifa uliwafungia nje wafanyakazi wa KPFA, polisi wakaingia studio, na maelfu wakaandamana Berkeley. Oktoba 2019 wakakivamia kituo chao kingine, WBAI ya New York, wakawafukuza wafanyakazi na kuweka vipindi vya kutoka kwingine, hadi Novemba mambo yalipopinduliwa tena. Hakuna tajiri pale, na ugomvi wa ofisini uko vilevile.

Mleta mada

Kweli tupu, lakini KPFA ina zaidi ya miaka 75 na Air America haikutimiza sita. Wanaogombana angalau wapo hai.

Mombasa, hoja yako ya WLIB imenikaa, na ndiyo inayonitia wasiwasi na yaliyofanyika baadaye. Mwaka 2022 Latino Media Network, iliyoanzishwa na wanawake wawili waliowahi kufanya kazi za siasa upande wa Democratic, ilikubaliana kununua vituo 18 vya redio kwa dola milioni 60, na sehemu ya fedha ikatoka kwenye mfuko unaohusishwa na bilionea George Soros. Humo ilikuwemo Radio Mambí ya Miami, sauti ya miaka mingi ya Wakuba wa uhamishoni wenye msimamo mkali wa kulia. Watangazaji kadhaa waliacha kazi mara moja. Safari hii wamenunua masafa yenyewe badala ya kukodi, na hapo wamejifunza. Lakini wasikilizaji wa Mambí nao hawakuulizwa, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi vilevile.

Mdau, Mombasa

Mwenye masafa haulizi, mkuu. Hata Limbaugh hakuna mtaa uliopigiwa kura kama unamtaka. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anawaingizia pesa, na hawa wa Miami nilitaka kuona watalipwa na nani uchaguzi ukishapita.