Kampuni iliyoingiwa na magenge inasafishwaje bila kuuawa?

Mtaka_Hesabu:
Ndugu wanajukwaa, magenge ya uhalifu yanapojipenyeza katika kampuni halali, mara nyingi huanza kwa kumkopesha mwenye kampuni aliyebanwa na madeni, kisha huingiza mtu wao katika uhasibu. Yakibainika, mali hutaifishwa, kampuni hufa, na wafanyakazi wasio na hatia hukosa ajira. Je, ipo njia ya kumng'oa mhalifu na kuiacha biashara ikiwa hai?

Wakili_Mstaafu:
Ipo, ingawa haifai kwa kila kampuni. Italia ilipitisha sheria ya kutaifisha mali za mafia Septemba 1982, miezi michache baada ya mbunge Pio La Torre, aliyekuwa ameipigania, kuuawa mjini Palermo. Mwaka 2017 nchi hiyo iliongeza utaratibu wa uangalizi wa mahakama: pale ambapo kampuni imewasaidia wahalifu kwa nadra tu, mwenyewe anaweza kuendelea kuiendesha kwa mwaka 1 hadi 3, huku mtu aliyeteuliwa na mahakama akifuatilia mikataba, malipo na wakandarasi wadogo.

Kampuni iliyokwisha kumezwa ni habari nyingine. Faida yake haikutokana na biashara, bali na mtaji usiodaiwa riba, washindani waliotishwa na kodi isiyolipwa, kwa hiyo msimamizi aliyewekwa na mahakama kuiendesha akianza kulipa kila anachopaswa kulipa, hasara iliyofichwa hujitokeza. Kampuni ya namna hiyo, kwa maoni yangu, ifungwe mapema na wafanyakazi walipwe stahili zao kutokana na mali iliyopo.

Mkaguzi_wa_Zabuni:
Naongeza kwamba kuzuia ni rahisi kuliko kutaifisha. Huko New York, magenge yaliigawana biashara ya kuzoa taka za maduka na ofisi kiasi kwamba kila mteja alihesabiwa kuwa mali ya mzoaji fulani, na mzoaji mwingine hakuthubutu kumkaribia. Mwaka 1996 jiji liliunda tume ya leseni yenye mamlaka ya kuwachunguza wamiliki halisi na kumnyima leseni asiye mwadilifu, hata kama hajawahi kutiwa hatiani. Ushindani ulirudi na bei zikashuka.

Mpinzani_Mpole:
Hapo kwenye kutotiwa hatiani ndipo ninaposita. Leseni ikinyimwa kwa tetesi, mfanyabiashara mwenye jamaa ndani ya tume ataitumia tume hiyo kumwondoa mshindani wake. Sababu ziandikwe, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujieleza na kukata rufaa. Ushahidi hupatikana kwenye makaratasi ukitafutwa kwa subira: ankara za ushauri zisizosema ni ushauri gani uliotolewa, mkopo mkubwa usio na dhamana kutoka kampuni iliyosajiliwa juzi, au mkurugenzi anayetia saini ununuzi wa saruji bila kujua bei yake.

Mtaka_Hesabu:
Nashukuru. Na mishahara katika kipindi cha mpito?

Wakili_Mstaafu:
Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu benki zikisikia amri ya mahakama huogopa na kusitisha mikopo. Msimamizi mzuri huonana na benki na wateja wakubwa mara tu anapoteuliwa, kabla hajagusa jambo jingine.