Naombeni ushauri: nikiongea kikaoni hakuna anayenielewa

Wakuu, habari za leo.

Kichwani mambo yamekaa sawa kabisa, ila nikisimama kuyasema yanatoka kama uzi uliojisokota. Juzi kwenye kikao cha VICOBA chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, niliomba tubadili ukokotoaji wa riba, itozwe kwenye deni lililobaki badala ya mkopo wote. Nimeeleza karibu nusu saa. Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwanangu unataka riba ipande?" Watu wakacheka, mwenyekiti akafunga ajenda. Nifanyeje? Matusi kaeni nayo.

Daftari Kubwa:
Pole mkuu, ila nusu saa ya nini? Chukua mkopo mmoja, andika kwenye manila, bandika ukutani. Tuseme 600,000, miezi 6, riba asilimia 5 kwa mwezi. Mnavyotoza sasa ni 30,000 kila mwezi, jumla 180,000. Ukitoza kwenye deni lililobaki, na mtu anarejesha 100,000 kila mwezi, riba inaanza 30,000, inakuja 25,000, inashuka hivyo hivyo mpaka 5,000. Jumla 105,000. Anza na ile 75,000 inayobaki mfukoni mwa mkopaji, halafu nyamaza. Wataanza kuuliza wenyewe.

Mwalimu wa Zamu:
Na yule mama mfuate kwake kabla ya kikao kijacho. Ukishamweleza, mwombe akueleze yeye alivyoelewa. Atakapokwama ndipo pa kurekebisha. Mimi nafundisha darasa la tano, "mmeelewa?" niliacha kuuliza zamani, maana wote hujibu "ndiyo mwalimu", hata aliyekuwa amesinzia.

Kibubu:
Jamaa mnamwonea bure. Huenda walimwelewa vizuri sana. Hiyo riba ndiyo mnayogawana mwisho wa mwaka mkivunja kikundi, na mwenye hisa nyingi asiyekopa anakula jasho la mkopaji. Wewe unakuja kumpunguzia gawio, unategemea apige makofi? Angalia kwanza nani hapo anakopa na nani anaweka tu.

Mleta uzi:
Duh. Mwenyekiti sijawahi kumwona akikopa hata mara moja.

Kibubu:
Haya sasa. Kwenye hiyo manila weka na hesabu ya gawio, litashuka kiasi gani kwa hisa moja. Usingoje akuulize mbele ya watu.

Mleta uzi:
Sawa mkuu, namtafuta mweka hazina leo jioni anipe daftari.